Kidole Kidogo cha Oduor

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kufungua vitu vya watu, jifunzeni kwanza kutazama mikono. Uso hudanganya. Mteja atakwambia redio imezima yenyewe tu, haikuanguka popote, na uso wake uko mtakatifu kabisa, huku kidole chake kinasugua ile kona iliyopasuka.

Mimi sikulijua hilo kwa werevu. Nililijua kwa sababu ya haya. Nilipomaliza kidato cha nne, nikatoka kwetu Asembo na kuingia kibanda cha Mzee Kariuki hapa Kisumu, miaka ya themanini, nilikuwa siwezi kumwangalia mtu machoni. Mteja akinisalimu, ninaijibu meza. Basi siku nzima nilichoona ni mikono: mikono ya wauza samaki yenye magamba yaliyokauka, mikono ya makarani yenye wino, mikono ya makondakta inayopiga bati hata pasipo na gari. Hata sasa, mtu akinisimamisha njiani akasema, "Atieno, umenisahau?", nimemsahau kweli. Ngoja tu anyooshe mkono.

Mzee Kariuki alikuwa ametoka Murang'a zamani, akaja Kisumu kutengeneza redio, akakaa. Aliniambia siku ya kwanza, "Mtu akileta kitu, usimuulize kimeharibika nini. Hajui. Angejua angekuja hapa kufanya nini? Muulize, kilipokuwa kizima kilikuwa kinasema nini." Nikadhani ni maneno ya mzee. Alipokuja Oduor ndipo nikaona uzito wake.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu sam, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi mweusi. Mara ya kwanza walipotuvamia nilikuwa nimeacha amplifaya wazi juu ya meza. Nilipogeuka, ndani kulikuwa kumejaa, wamelala kati ya waya kama majani ya chai. Nikachukua brashi kuwafagia nje. Mama Risper, aliyekuwa akikaanga samaki kibanda cha pili, akapiga kelele: "Wewe! Usimwage! Hiyo ni mboga!" Akaja na sufuria. Mzee Kariuki akamwambia, "Mama, hao wamekaa kwenye risasi ya kulehemu." Mama Risper akafikiri kidogo, akasema, "Basi wa juu nipe, wa chini utakula wewe." Tangu siku hiyo nikifungua kitu ninakifunika kwa kitambaa hata kama ninaenda kunywa maji tu. Na ninyi fanyeni hivyo.

Sasa Oduor.

Oduor alikuwa mpiga gitaa la benga, na wale waliomsikia kabla ya ajali walisema vidole vyake vilikuwa vinakimbia hata yeye mwenyewe anabaki nyuma. Kisha akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ahero, maana muziki haushibishi watoto, na mkanda wa mashine ukashika mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilienda. Vilivyobaki vilikataa kukunjika. Gitaa la kawaida linataka mkono wa kushoto ubonyeze nyuzi, kwa hiyo kwake lilikuwa limekwisha.

Yeye akakataa kwisha. Alikuwa anajua kwamba familia moja ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini walikuwa na gitaa la umeme la babu yao, la kulaza mapajani. Halina haja ya kubonyeza. Unakaa, unalilaza, mkono wa kulia unadonoa nyuzi, na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma laini juu yake. Sauti haikatiki vipande vipande. Inateleza kutoka noti hadi noti kama mtu anayeimba. Babu alikuwa ameshafariki, na wale watu wakampa Oduor. Akakifunga kile chuma kwenye kiganja chake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaa mwaka mzima nyumbani akijifunza upya. Akarudi kwenye bendi yake. Watu walisema gitaa lile linalia. Siyo kupiga kelele, hapana, kulia: uuu-waaa, kama mama aliyesikia habari mlangoni.

Ndipo mto ukafurika, uwanda wote wa Kano ukawa maji, na gitaa likalala kwenye matope siku kadhaa. Fundi mmoja akalifungua, akaona ndani kumeoza, akatoa kila kitu akatupa, akaweka vipya. Likasema tena. Ila halikulia.

Alikuja kwetu Jumatatu akilibeba kwenye gunia la mchele. Nyuma yake alikuja Bwana Omolo, kiongozi wa bendi, mtu mnene wa mtaa wa Kaloleni aliyekuwa akitembea kama mwenye ukumbi hata barabarani.

"Jumamosi tuna harusi," Omolo akasema. "Msichana wa Asembo Bay anaolewa, na watu wa Asembo mnawajua. Mamake ananunua samaki ziwa zima. Nimemwambia Oduor, na mbele yenu narudia, nisije nikaitwa mbaya: kama hii kitu hailii kufikia Jumamosi, namleta kijana wa kinanda. Nimeshaongea naye."

"Kinanda!" Oduor akasema. "Omera, ndugu yangu, kile kinafanya pii-pii kama saa ya mkononi."

"Pii-pii haifuriki."

Omolo akaondoka. Oduor akabaki amesimama. Mimi nilitazama mkono wake wa kushoto, ule mkono uliobaki kama reki iliyovunjika meno, nikajua hakuna jembe wala mashine itakayoupokea tena. Kama hawezi kukaa kwenye kile kiti cha bendi, hakuna kiti kingine.

Wakati huo macho ya Mzee Kariuki yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake anasikiliza, mikono ni yangu. Akasema, "Atieno, mpokee." Kisha akamwambia Oduor, "Bwana, lilipokuwa zima lilikuwa linasema nini?"

Oduor akafungua mdomo, akalia. Uuu-waaa. Pale pale, mchana kweupe. Mama Risper akatoka na kijiko: "Nani amekufa?"

Niwaeleze kazi ya toni, maana wengi wenu mnabadilisha tu bila kujua mnachobadilisha. Sauti inayotoka kwenye nyuzi ni kama samaki waliochanganyika, wakubwa na wadogo. Sauti nene ndiyo mbuta, yule samaki mkubwa; sauti nyembamba ndiyo omena, wale dagaa. Kapasita, kile kipande kidogo chenye miguu miwili ya waya, ni wavu. Inawaacha wadogo wapite na kuwazuia wakubwa. Ile waya ya toni inachukua omena na kuwatupa ardhini, wanabaki mbuta peke yao, ndiyo maana sauti inakuwa nzito kama mtu aliyejifunika blanketi. Kitufe cha toni ni mlango tu wa kuamua ni omena wangapi watupwe. Na kapasita ikiwa kubwa, matundu ya wavu ni makubwa: hata samaki wa katikati wanapita wanaenda.

Nilipofungua bati la chini nikaona yule fundi wa kwanza hakuwa mjinga. Lehemu yake ilikuwa safi. Alikuwa ameweka kapasita ndogo, ile ya redio, na kitufe cha redio, akakiunganisha kama redio. Ukizungusha kulia sauti inang'aa, kushoto inafifia. Mimi pia ningefanya hivyo. Hakuna mchoro, hakuna kipande cha zamani, hakuna mtu wa kuuliza. Wale Wahindi walimkumbuka babu yao akipiga, lakini nani anafungua gitaa la babu yake atazame ndani?

Basi tukatumia sikio. Nikatoa waya mbili nje ya gitaa, nikaweka vibano mwishoni, na nikakusanya kapasita zote za redio zilizokufa, zile kuukuu za karatasi na nta, tukaanza kuzibana moja moja huku Oduor anapiga. Hii njia mkumbuke: msilehemu mpaka sikio liseme ndiyo. Kulehemu na kulehemua kunachosha vipande, na vipande vizee vina hasira.

Tatizo ni kwamba watu wakasikia. Kufikia Jumanne saa nne kibanda kilikuwa kimezungukwa.

"Hiyo! Hiyo ndiyo!"

"Hiyo ni ng'ombe."

"Wewe unajua gitaa? Wewe unauza viatu!"

Mama Risper ndiye aliyekuwa hakimu. Alikuwa anageuza samaki, hatazami, anasema tu: "Bado." Nabana nyingine. "Bado." Nyingine. "Huyo analia kwa sababu ya kitunguu." Nikaunganisha mbili pamoja, ubavu kwa ubavu, ili matundu ya wavu yawe makubwa zaidi. Oduor akafunga toni, akadonoa uzi. Ikatoka uuu, nene, ya chini kabisa, mpaka glasi ya Mzee Kariuki ikatetemeka. Kijiko cha Mama Risper kilisimama hewani.

"Huyo amefiwa," akasema.

Tukashangilia. Oduor hakushangilia. Akajaribu tena. Uuu ilikuwepo, waaa haikuja. Au ilikuja imechelewa, wakati noti imeshakufa. Alitakiwa adonoe uzi huku toni imefungwa, halafu kabla sauti haijaisha aifungue kwa kidole kidogo cha mkono ule ule wa kulia. Huko ndiko kulikuwa kulia kwenyewe. Na kidole kilikuwa kinakataa.

"Zamani kilikuwa kinaenda," akasema. "Nyathina, mwanangu, labda ni mimi. Labda nimezeeka."

Jumatano alijaribu siku nzima. Alhamisi asubuhi Omolo akapita, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akatazama saa yake, akaondoka. Oduor akaliweka gitaa chini. Mama Risper akamletea samaki na ugali, akamwambia, "Kula wewe, kinanda hakijaja bado." Akala. Na mimi, kwa sababu sikuweza kumtazama uso mtu aliye karibu kushindwa, nikatazama mikono.

Alikuwa anaimba wimbo puani polepole, anakula kwa vidole vinne. Kidole kidogo kilikuwa kimeshika ukingo wa sahani. Na kila wimbo ulipofika pale pa kulia, kile kidole kilikuwa kinavuta sahani kuelekea tumboni. Kidogo tu. Kinaiachia, kinaivuta tena. Hakikusukuma hata mara moja.

Nikaacha kila kitu nikalishika lile gitaa nikaliweka mapajani mwangu, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelitengeneza siku tatu nikiwa nimelilaza mezani, mbele yangu, kama redio! Nilipolilaza mapajani nikapeleka kidole changu kidogo kwenye kitufe. Kidole kinakigusa kwa upande wa kushoto. Ukikivuta kuja kwako, kitufe kinazunguka kushoto. Na kwenye redio, kushoto ni kufifia. Kumbe kila Oduor alipovuta ili alie, gitaa lilikuwa linafunga mdomo. Ili lifunguke ilibidi asukume mbele, na kidole kidogo hakina nguvu ya kusukuma. Jaribuni wenyewe juu ya meza. Kuvuta kinaweza, kusukuma kinatetemeka.

Yule babu wa vitambaa alikuwa amekigeuza kinyume. Kwa makusudi.

"Mzee," nikamwambia Kariuki, na sauti ikanitoka kubwa mpaka nikashtuka, "nataka kuunganisha vibaya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Vibaya kwa nani?"

Nikageuza waya. Msidhani kazi iliishia hapo, maana hapa ndipo wengi wenu mtakwama. Kitufe cha redio kimetengenezwa kiwe na mwendo usio sawa: kinapanda polepole mwanzoni, halafu kinakimbia. Ukikitumia kinyume, mbio zote zinakuja kwanza. Kikawa kama swichi: uuu, halafu pah! Oduor akasema, "Hii sasa imekanyagwa mguu."

Nilitaka kitufe chenye mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, ambacho robo ya mzunguko ingetosha, kwa sababu kidole chake hakifiki zaidi ya hapo. Nikapima kila kitufe kilichokuwa kibandani. Njia ni rahisi: kiweke katikati, pima kwa mita, na kama sindano inasoma nusu ya kipimo chote, ndicho hicho. Vyote vikakataa. Mzee Kariuki, macho yake yamefumba, akasema, "Ile mashine ya santuri ya baa, iliyoungua. Ina kitufe cha kugawa sauti, spika ya kushoto na ya kulia. Mtu anayegawa sawa lazima atembee sawa." Ilikuwa chini kabisa ya rundo, imejaa vumbi na sam wa miaka. Nikakitoa. Nikakiweka katikati. Sindano ikasimama nusu.

Ijumaa mchana nikalehemu. Kabla ya kufunga bati nikachukua penseli nikaandika upande wake wa ndani: *Toni iko kinyume kwa makusudi. Usirekebishe.* Kisha nikampa Oduor. Akalilaza, akaufunga mpira wa tyubu, akadonoa uzi mmoja, akavuta kidole.

Sitawaelezea. Mama Risper aliacha samaki wakaungua.

Jumamosi alasiri ukumbi wa Kaloleni ulijaa watu wa Asembo, na mimi nikasimama nyuma, karibu na mlango, mahali pangu. Yule kijana wa kinanda alikuwepo pia, amekaa na chombo chake magotini, kwa sababu Omolo alikuwa mtu asiyeamini mpaka mwisho. Wimbo wa tatu Oduor akaachiwa nafasi. Gitaa likalia. Mama wa bibi harusi, yule anayenunua samaki ziwa zima, akapasua umati akainua mkono kusimamisha muziki, kama desturi yetu ya pakruok ilivyo: unasimamisha wimbo, unatunza wanamuziki chochote, unajisifu mbele ya watu, kisha wimbo unaendelea. Akajisifu vizuri sana, samaki wote wakatajwa. Wengine wakafuata. Omolo akamgeukia kijana wa kinanda akamwashiria akale.

Halafu Oduor mwenyewe akasimamisha wimbo.

"Mpigaji hawezi kujisimamisha," Omolo akamwambia kwenye kipaza sauti, watu wakacheka.

"Nasimamisha kwa niaba ya mtu," Oduor akasema. "Yuko pale mlangoni, anatazama viatu. Nyar Asembo, binti wa Asembo, njoo ujisifu. Mimi sijui kukusifu, sikuelewa ulichofanya."

Vijana, ningeweza kutoroka, mlango ulikuwa hapo hapo. Miguu ilishageuka. Lakini nikaona mkono wake wa kulia umekaa juu ya nyuzi, kidole kidogo kiko tayari kwenye kitufe, kinasubiri. Mtu aliyejifunza upya kwa mkono uliovunjika ananisubiri mimi niseme sentensi moja. Nikatembea mpaka mbele. Omolo akanishikia kipaza sauti. Nikainua uso, na nyuso zote zilikuwepo, nyingi ajabu.

"Mimi ni Atieno, nyar Asembo," nikasema. "Mimi ndiye ninayetia machozi kwenye chuma."

Mama Risper akapiga kigelegele. Oduor akavuta kidole.

Nimefanya kazi hii mpaka macho yangu nayo yakaanza kuingia ukungu. Nimeona kapasita za nta zikiondoka, vipande vikawa vidogo kama mbegu, hadi vitu visivyofunguka kabisa. Mnaniuliza nini hakijabadilika. Nitawaambia jambo moja, kisha mwende mkafanye kazi.

Miaka ya tisini Oduor alinirudia na gitaa lile nimbadilishie tundu la waya wa spika. Akasema lilizima safarini, akalipeleka kwa fundi mmoja huko Ahero asiyemfahamu, likapona siku hiyo hiyo. Nikafungua bati haraka. Penseli yangu ilikuwepo, imefifia, na chini yake mwandiko mwingine: *Nimesoma. Nimeunga waya mmoja tu uliokatika.*

Sikuwahi kumwona mtu huyo. Lakini nilitafuta pale alipounga, nikapaona: tone dogo la risasi, linang'aa, halikumwagika pembeni. Mikono yake ninaijua.